Luano hadi Kavumu: namba ilikuwa sahihi, jibu lilikuwa baya

Wengi wenu mnanijua kwa sauti tu. Leo ninaandika kwa sababu jambo hili ni refu kuliko dakika tatu ninazopewa hewani, na kwa sababu nina deni kwa familia moja.

Mwezi wa tano mwaka 2025, siku ya Jumatano asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu ya redio: "Mtangazaji, kutoka kiwanja cha ndege cha Luano mpaka Kavumu ni kilometa ngapi, na ndege inatumia muda gani? Aksanti." Hakuna jina, hakuna maelezo mengine. Kwa siku moja tunapokea ujumbe mwingi. Mmoja anauliza bei ya unga, mwingine anatafuta mbuzi wake aliyepotea, mwingine anataka salamu zimfikie shangazi yake Kambove. Swali hili nililipenda kwa sababu lilikuwa jepesi. Nilifungua intaneti, nikaandika majina ya viwanja viwili, na jibu likaja kabla sijamaliza chai yangu.

Jioni nilisoma hewani: "Ndugu msikilizaji, kutoka Luano, Lubumbashi, hadi Kavumu, Bukavu, ni karibu kilometa 1,040. Ndege ya jeti inatumia saa moja na dakika hamsini hivi." Kisha nikaendelea na habari za soko. Sikufikiria tena jambo hilo.

Jumatatu iliyofuata, kijana mmoja alikuja mlangoni kwetu. Ni fundi wa kujenga, mikono yake ilikuwa na saruji iliyokauka. Jina lake nalihifadhi. Alisalimia kwa heshima, akauliza kama mimi ndiye niliyesoma habari ya ndege ya Kavumu. Nikasema ndiyo, nikidhani anataka kujua bei ya tiketi.

"Yaya," akaniambia, "mama yetu alikufa Jumanne usiku. Ule ujumbe niliuandika mimi."

Nilimpa kiti. Akanieleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Yeye na mama yao walitoka Bukavu mwezi wa pili, mji ulipochukuliwa. Walipitia Uvira, wakapanda mtumbwi wa injini kwenye ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha wakapanda malori, lori hadi lori, mpaka wakafika kwa mjomba wao hapa Likasi. Siku kumi na tisa. Mama alikuwa na umri mkubwa, na tangu safari ile kifua chake hakikupona. Kaka yao mkubwa, mtoto wa kwanza, alibaki Bukavu kulinda nyumba.

Mama alipofariki, kilio kilianza kwa mjomba. Kila mtu aliuliza jambo moja: mtoto wa kwanza atafika lini? Kwetu sisi mnajua, mama hazikwi hivi hivi wakati mtoto wake wa kwanza yuko hai na anajulikana alipo. Fundi aliniandikia ule ujumbe kwa sababu mjomba alitaka kujua umbali. Mjomba amezaliwa hapa, hajawahi kufika Kivu.

Jioni walikusanyika karibu na redio, wakanisikia. Mjomba akasema: "Saa moja na dakika hamsini! Basi kesho yuko hapa. Tusubiri."

"Lakini wewe ulijua," nikamwambia kijana. "Wewe mwenyewe ulikuja kwa siku kumi na tisa. Ulijua Kavumu haifanyi kazi."

Alinitazama. "Nilijua, yaya. Lakini wewe ulisema kwenye redio. Nikafikiri kiwanja kimefunguka wiki hii, sisi ndio hatujasikia."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Tarehe 14 mwezi wa pili 2025, waasi wa M23 waliteka kiwanja cha ndege cha Kavumu, na siku mbili baadaye walikuwa wameshika mji wa Bukavu. Mimi mwenyewe niliisoma habari hiyo hewani, kwa sauti hii hii. Goma ilikuwa imekwisha kuanguka mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na kiwanja chake kikafungwa. Hakuna ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Kavumu mwezi wa tano. Nilijua. Lakini nilipoulizwa kilometa, nilijibu kilometa. Nilipoulizwa saa, nilijibu saa. Nilihakiki namba, sikuhakiki kama kuna ndege inayoruka.

Sasa sikilizeni yaliyofuata katika familia ile, maana ndiyo sababu ya maandishi haya.

Jumatano usiku walimpigia simu mtoto wa kwanza. Wakamwambia mama hayupo tena, na kwamba redio imesema ndege ni saa moja na dakika hamsini, kwa hiyo apande kesho. Akajibu kwamba hajasikia habari ya ndege yoyote. Mjomba akachukua simu, akarudia: redio imesema. Alhamisi asubuhi mtoto yule alikwenda hadi Kavumu, kilometa kama 30 kutoka mjini, kuangalia kwa macho yake. Hakukuta msafiri hata mmoja. Akapiga simu: hakuna ndege. Mjomba akakata simu na kuwaambia watu wa kilio kwamba kijana yule hataki kuja kumzika mama yake, anaogopa kutumia fedha zake.

Ijumaa ilipita hivyo. Kwenye chumba cha kuhifadhia maiti kila siku ina malipo yake, na fedha za mchango zilikuwa zinaisha. Jumamosi wakazika. Mjomba alisema mbele ya watu, penye kaburi, kwamba mtoto wa kwanza amemtupa mama.

"Sikuja kukugombeza," fundi akaniambia mwisho. "Nimekuja uniandikie kwenye karatasi kwamba kiwanja cha Kavumu kimefungwa, niipeleke kwa mjomba. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Niliandika. Kisha nikachukua pikipiki, nikaenda naye Kikula, kwa sababu niliona karatasi haitoshi. Mzee alinipokea vizuri, akaagiza niletewe kiti na maji. Nilimweleza kwamba kosa ni langu, kwamba namba niliyosoma ni ya kweli lakini ndege hakuna tangu mwezi wa pili. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua: "Sasa kama ndege haipo, ile saa moja na dakika hamsini ni ya nini?"

Nilijaribu kumjibu siku ile, sikufaulu. Ninajaribu tena hapa, kwa ajili yenu nyote mnaouliza maswali kama hayo.

Umbali ambao intaneti inatoa kati ya viwanja viwili ni mstari unaonyooka juu ya uso wa dunia, kutoka nukta moja hadi nyingine. Unapita juu ya milima, juu ya mbuga ya Upemba au ziwa, bila kujali. Kutoka Luano hadi Kavumu mstari huo unakwenda karibu kaskazini tupu, kilometa 1,040. Hadi Goma ni karibu 1,120. Hadi Kalemie ni karibu 660. Baada ya kupata umbali, mashine inagawanya kwa mwendo wa ndege. Jeti inakwenda kama kilometa 800 kwa saa ikiwa juu, kisha unaongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Ndivyo unavyopata saa moja na dakika hamsini. Ukipanda ndege ya mapanga, yenye mwendo wa kama kilometa 500 kwa saa, hesabu inafika zaidi ya saa mbili na nusu. Ni hesabu ya mtoto wa sekondari.

Hesabu hiyo haiulizi kama kiwanja kiko wazi. Mwaka 2002, mwezi wa kwanza, mlima Nyiragongo ulipolipuka, lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege ya Goma. Siku ile umbali kati ya Luano na Goma haukuongezeka hata mita moja. Vivyo hivyo tarehe 14 mwezi wa pili 2025. Tovuti iliyonipa jibu lile haijui vita, wala haidai kujua. Anayepaswa kujua ni mtu anayesoma jibu hilo mbele ya kipaza sauti.

Halafu haiulizi kama kuna ndege ya moja kwa moja. Nchi yetu ni kubwa, na mara nyingi ukitaka kutoka pembe moja kwenda nyingine unapitishwa Kinshasa. Chukueni kalamu. Kutoka Luano hadi N'djili, Kinshasa, ni karibu kilometa 1,550. Kutoka N'djili hadi Goma ni karibu 1,560. Yaani Kinshasa iko mbali nasi karibu sawasawa na inavyokuwa mbali na Goma. Anayepitia Kinshasa anaruka zaidi ya kilometa 3,100 ili kufika mahali penye kilometa 1,120. Tena mjihadhari na saa zilizoandikwa kwenye tiketi, maana ni saa za mahali. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiona tiketi inasema unaondoka Luano saa nne asubuhi na kufika Kinshasa saa tano na robo, usidhani ni saa moja na robo. Ni saa mbili na robo. Ukirudi, saa hiyo moja inahesabiwa upande mwingine, na safari inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Nimekwisha kuona watu wa Likasi wakigombana na dereva wa taksi pale Luano kwa sababu ya saa hiyo moja.

Pia haiulizi unaanzia wapi. Sisi hatukai Luano. Kati ya Likasi na Lubumbashi kuna kama kilometa 120 za barabara ya taifa namba 1, na mnaijua barabara ile: malori ya madini yanayoelekea Kasumbalesa, moja nyuma ya lingine, na likiharibika moja mahali pembamba, wote wanasimama. Mwenye ndege ya asubuhi huwa analala Lubumbashi, au anaondoka hapa usiku. Kwa mtu wa Likasi, safari ya saa mbili angani inaanza siku moja kabla.

Basi mzee, ukisoma haya: ile saa moja na dakika hamsini ni ya ndege iliyopo, yenye ruhusa, inayoondoka kwa wakati, kwa mtu aliyekwisha fika kiwanjani akiwa na tiketi mkononi. Kwa mtu mwingine yeyote haina kazi.

Sasa nirudi kwa mtoto wa kwanza, maana habari yake haikuishia pale kaburini.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya maziko, yeye alikuwa amekwisha kuondoka Bukavu. Hakumwambia mtu, kwa sababu mjomba alikuwa hapokei tena simu yake. Alipofika Likasi, ilikuwa Jumanne ya wiki ya pili yake. Mdogo wake, yule fundi, alinipigia simu: "Yaya, kaka amefika. Njoo." Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, miguu imevimba, anakula bukari taratibu. Baada ya chakula niliomba ruhusa nichukue daftari langu, na nikamwomba anieleze njia. Alikubali.

Kule Bukavu benki zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo aliuza alichoweza kuuza na kukopa kwa majirani. Alivuka Ruzizi kuingia Rwanda, akapanda bisi hadi Kigali, kisha hadi mpaka wa Rusumo. Akaingia Tanzania, akaivuka kutoka kaskazini hadi kusini magharibi, bisi baada ya bisi, hadi Tunduma. Pale fedha zilimwishia. Alilala siku nne kwa msamaria mmoja, mfanyabiashara wa Kongo, akisubiri rafiki amtumie kitu kwa simu. Akavuka kuingia Zambia kupitia Nakonde, akashuka hadi Kapiri Mposhi, akapanda tena kuelekea miji ya shaba, akafika Kasumbalesa. Aliniambia alipovuka pale na kusikia watu wakisema Kiswahili chetu cha Katanga, alikaa chini kando ya barabara na kulia kwa mara ya kwanza tangu apate habari ya msiba. Kisha Lubumbashi, kisha Likasi.

Siku kumi na mbili. Nchi tatu za kigeni ili kutoka mji mmoja wa Kongo hadi mwingine. Nilipofika nyumbani nilijaribu kujumlisha kilometa kwenye ramani, nikapata zaidi ya 2,500. Namba niliyoisoma hewani inaingia ndani yake mara mbili na zaidi.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi nyuma, maana akiwa njiani, siku ya pili, mdogo wake alifanikiwa kumpata na kumwambia mama amekwisha kuzikwa. Akasema: "Nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba simpendi mama. Ningerudi, ingekuwa kweli."

Jioni ile mjomba aliingia akiwa na kofia mkononi. Sikukaa kusikiliza waliyosemezana, hayanihusu. Niliwaona tu kesho yake asubuhi, wawili wao, wakielekea makaburini kwa miguu, mzee akiwa mbele, kijana akibeba jembe la kusafishia.

Nilipomsimulia mama yangu mzazi mambo haya, hakushangaa. Alinikumbusha mwaka 1992 na 1993, mimi nikiwa mtoto mdogo, wakati familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa kwenye nyumba zao hapa hapa Likasi, zikajazana kwenye kituo cha gari la moshi. Walikuwa maelfu. Ilijulikana vizuri treni inapita wapi, Tenke, Kamina, hadi Mwene-Ditu, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa reli na wa migodi, wakijua umbali kwa kichwa. Lakini mabehewa hayakuja, na watu walilala pale wiki baada ya wiki, kwa mvua, wakizika watoto. Mama alisema: "Walikuwa wanatuuliza sisi wapita njia, treni itakuja lini? Nasi tulikuwa tunajibu, labda kesho. Tulisema kwa huruma. Ilikuwa vibaya kusema, kwa sababu walikuwa hawaendi kutafuta njia nyingine."

Wazee wa mji huu wanaikumbuka aibu ile, na wengi hawapendi itajwe. Mimi ninaitaja kwa sababu leo wanaosubiri ni wageni wetu kutoka Kivu, na wanaopita na kuulizwa ni sisi. Jibu la huruma lisilohakikiwa linaweza kumfunga mtu mahali pamoja. Langu liliwafunga watu siku tatu kwenye kilio, na likamvunjia mtu heshima mbele ya ukoo wake.

Basi nilikaa na wenzangu wa redio, tukabadilisha namna ya kujibu. Mtu akiuliza umbali na muda kati ya kiwanja na kiwanja, tunampigia kwanza, kama ameacha namba, kumuuliza anataka kufanya nini. Mtoto wa shule anayetaka namba kwa ajili ya somo la jiografia tunampa namba. Mwenye msiba, mgonjwa au mtoto anayesubiriwa, tunaanza na jambo moja kabla ya lolote: je, leo ndege inaruka? Tunapiga simu Lubumbashi kuuliza. Kama hairuki, hilo ndilo linakuwa sentensi ya kwanza hewani, na kilometa zinafuata baadaye, kama zinahitajika. Kama inaruka, tunasema ni ya moja kwa moja au inapitia wapi, na tunahesabu tangu mlango wa nyumba ya Likasi.

Pia tulianza kuwaomba waliofika watuambie walitumia siku ngapi. Majibu ni mengi. Mama mmoja kutoka Uvira: siku nane hadi hapa, na watoto wanne. Mwanafunzi kutoka Goma: siku kumi na tano, sita kati ya hizo akisubiri karatasi. Ninasoma siku hizo hewani. Watu wa Likasi wanaosikiliza wanaanza kuelewa kwa nini mgeni wao amelala siku mbili mfululizo baada ya kufika, na kwa nini hatakiwi kuulizwa mara moja, "sasa utarudi lini?"

Kuna jambo moja ambalo wasikilizaji walinisahihisha. Mwanzoni nilitaka kutangaza njia zenyewe, kila kituo, ili zisaidie wengine. Baba mmoja alinipigia simu usiku, akasema: "Mwandishi, barabara kubwa na mipaka inayojulikana, sema. Lakini njia ndogo ambazo watu wanapita kukwepa wenye bunduki, usiziseme. Hata wenye bunduki wana redio." Alikuwa na haki. Kwa hiyo ninataja barabara ambazo kila mtu anazijua, kama ile ya Tanzania na Zambia, na ninataja siku. Njia za kichakani ninaziacha kwenye daftari, na majina ya waliozipita siyaandiki kabisa.

Najua kuna wenzangu watakaosema mwandishi amejibu alichoulizwa, kazi yake imeisha. Kwenye mafunzo ya uandishi wa habari nilifundishwa kuhakiki kila namba kwa vyanzo viwili. Siku ile ningetafuta vyanzo vitatu, vyote vitatu vingeniambia kilometa 1,040. Ningekuwa nimefuata somo, na familia ile ingekuwa imesubiri vile vile.

Mtoto wa kwanza bado yuko Likasi. Amepata kazi ya siku siku pamoja na mdogo wake, wanajenga ukuta huko Panda. Nyumba ya Bukavu imebaki na jirani. Wiki iliyopita nilipita pale wanapojenga, tukasimama kidogo kivulini. Akaniuliza, akicheka kidogo: "Mwandishi, Luano mpaka Kavumu ni kilometa ngapi vile?"

Nikamjibu: "Kiwanja kimefungwa. Kilometa ni 1,040."

"Njo vile," akasema. "Siku kikifunguka, utatangaza?"

Nikamwambia nitatangaza, lakini nitapiga simu kwanza, na nitasubiri kusikia kwamba ndege ya kwanza yenye abiria imetua. Akakubali kwa kichwa, akarudi kwenye matofali yake.

Ndugu wasomaji, kama unamsubiri mtu kutoka mashariki, au unataka kwenda, leta swali lako redioni, na utuambie sababu yake. Na kama ndugu yako aliye mbali anasema hakuna njia, muulize tena kwa upole kabla ya kumhukumu, hata kama umesikia vingine kwetu.